Tumbo Lililonyamaza

Alipofika chini ya ngazi alisimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anasikiliza tumbo lake.

Tumbo halikusema neno. Siku kadhaa sasa lilikuwa limenyamaza, gumu, limevimba kidogo chini ya kitovu, kama mgeni aliyeketi sebuleni asitake kusema kilichomleta. Mwanamume huyo, ambaye kazini walimwita Mawingu kwa sababu mchana kutwa alikaa juu kuliko ndege wengi, aliweka kiganja juu ya mkanda wa suruali, akabonyeza, kisha akauondoa mkono haraka asije akaonekana.

"Mawingu! Unaomba ruhusa kwa ngazi?" Sauti ilitoka kwenye rundo la nondo. Ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mzima mwenye ndevu za kutosha wanaume wawili. Kazi yake pale kwenye ujenzi ilikuwa kufunga mizigo kwa minyororo na kuinasa kwenye ndoano ya winchi. Kazi ya Mawingu ilikuwa kuinyanyua.

"Nakuangalia wewe kama umeamka," Mawingu alijibu.

"Mimi nimeamka zamani. Dada yangu kakulisha nini leo? Mayai tena? Shem, utaanza kutaga huko juu, na mimi sitapanda kuokota."

Wafunga nondo wakaangua kicheko. Mawingu naye akacheka, kwa sababu asiyecheka huulizwa ana nini. Kisha akashika chuma cha kwanza cha ngazi na kuanza kupanda.

Winchi yao ilikuwa ile ya mnara, nguzo ndefu ya vyuma vilivyosukwa, na juu yake kibanda cha kioo kinachotosha mtu mmoja na kiti chake. Ngazi ilipita ndani ya nguzo, na kila baada ya mwendo kulikuwa na kijukwaa cha kupumzikia. Miaka yote Mawingu alivipita vijukwaa hivyo kama mtu anayepita nyumba za watu asiowajua. Asubuhi hiyo alipumzika kwenye kila kimoja. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Mapaja yalitetemeka. Kijasho chembamba kilimtoka chini ya kofia ya chuma, na kilikuwa cha baridi, jambo ambalo lilimtisha kuliko kutetemeka kwenyewe. Aliyaona yale yale jana, lakini jana alijiambia kwamba hakulala vizuri. Leo alikuwa amelala.

Alijua kilichoanza. Hakujua kama kilichoanza ndicho kilichokuwa kinaendelea, na hapo ndipo hofu yake ilipokaa.

Waendesha winchi hupimwa afya kila mwaka. Safari hii daktari, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, alimwambia kwamba sukari yake inapanda. Si ugonjwa bado, alisema, lakini umeshafika mlangoni. Apunguze sukari na wanga, apunguze tumbo, halafu arudi baada ya wiki chache waone anavyoendelea. Mawingu alisikia kila neno isipokuwa lile la kurudi. Kesho yake alimuuliza fundi umeme wa pale kazini, ambaye alikuwa amepungua mpaka watu wakamdhania mgonjwa, naye akampa siri yake: achana kabisa na mkate, wali, viazi, ndizi na chai ya sukari. Kula mayai, nyama, samaki, parachichi na mafuta bila woga. Mwili ukikosa wanga utaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Watu wanaita keto.

Mawingu hakuwa mtu wa nusunusu. Jioni hiyo hiyo aliusogeza mkate upande wa pili wa meza kana kwamba umemtukana.

Siku za mwanzo alijiona mshindi. Mkanda uliingia tundu jipya. Lakini mara kichwa kikaanza kugonga, kikigonga kwa subira, kama mtu mwenye uhakika kwamba mwishowe atafunguliwa. Mdomo ukawa na ladha ya chuma na harufu iliyomfanya mkewe, siku moja, ageuze uso bila kukusudia. Alikojoa kama mtoto siku chache, kisha mkojo ukapungua na kuwa mzito kama chai ya rangi. Miguu ikawa inakaza misuli. Na tumbo, ambalo maisha yake yote lilifanya kazi kwa saa kama mlinzi, likaacha kufanya kazi.

Mambo mengine yote angeyavumilia. La tumbo lilimnyima amani, kwa sababu ya baba.

Baba yake naye alianza hivyo hivyo. Alikuwa seremala, mtu mwenye mikono mipana, asiyejua kulalamika. "Tumbo limefunga tu," alisema, akinywa dawa za kulainisha choo alizopewa na majirani, akaendelea kupiga randa. Tumbo limefunga tu. Alisema hivyo msimu mzima. Alipokubali kwenda hospitali, madaktari walimfungua, wakatazama ndani, wakamfunga tena. Mawingu, wakati huo kijana mwenye nguvu za kunyanyua milango, ndiye aliyembeba baba yake chooni na kumrudisha, na kila alipombeba aliona uzito umepungua, mpaka mwisho ilikuwa kama kubeba koti lenye mifupa mfukoni.

Kwa hiyo sasa, kila alipojipima na kuona amepungua, hakujua afurahi au aogope. Mkewe aliposifu mwili wake mpya, yeye aliona lile koti.

Hakumwambia mtu. Kumwambia mkewe kungekuwa kumwambia mama yake, kwa kuwa mama alilala chumba cha pili na masikio yake yalikuwa mazima kuliko miguu yake. Na mama alishamzika mmoja kwa ugonjwa huo. Tena, kusema kazini kwamba unasikia kizunguzungu, wakati kazi yako ni kupitisha vyuma juu ya vichwa vya watu, ni kuteremka na kutopanda tena. Basi alinyamaza. Yeye na tumbo lake, wote wawili.

Juu kibandani alikaa, akafunga mlango, akasubiri dunia itulie. Chini, watu walikuwa kofia za rangi zinazotembea. Hakubeba maji. Hakuwahi kubeba. Kuteremka kwenda haja ndogo kulikuwa safari nzima, kazi ikisimama na msimamizi akiangalia juu mkono kiunoni. Waendeshaji wengine huweka chupa ya kukojolea pembeni ya kiti. Mawingu aliona hilo ni aibu. Alijizoeza miaka mingi kutokunywa kitu tangu anapoamka mpaka anapoteremka jioni, na alijivunia. "Mimi ngamia," aliwaambia wenzake. Zamani mkate wa asubuhi, matunda na bakuli la supu ya mkahawa wa nje ya geti vilimpa maji bila yeye kujua. Sasa hakula hata kimoja, maana hata supu ilijaa viazi.

Redio ya mkononi ikakwaruza. "Mawingu, nanasa nondo. Fungu la kwanza."

"Nakusikia."

Mafungu ya mwanzo yalipanda vizuri. Mikono ilijua kazi hata kama kichwa hakikuwepo: kijiti cha kulia kunyanyua na kushusha, cha kushoto kuzungusha ule mkono mrefu na kupeleka mzigo mbele na nyuma. Jua lilipopanda, kioo kikaanza kuoka. Mara moja, katikati ya mzunguko, macho yalipotea kidogo, akasimamisha mzigo mpaka yakarudi.

"Vipi, shem?" redio iliuliza.

"Upepo."

"Upepo? Haya. Mwenye nyumba ya juu ndiye anayejua."

Alikuwa ameutumia upepo huo jana pia. Alimwona shemeji yake, mdogo kama punje, akiinua uso kutazama kitambaa chekundu walichokifunga kwenye nguzo ili kiwaonyeshe upepo. Kitambaa kilikuwa kimelala kabisa. Shemeji aliinamia tena minyororo. Miaka waliyofanya kazi pamoja, Mawingu hakuwahi kumdanganya redioni. Ilikuwa mila yao wawili, isiyoandikwa popote: nyumbani utanitania, utanisingizia, utanilia njama na dada yako, lakini kwenye redio ni kweli tupu. Kwa sababu ya mila hiyo shemeji alikuwa na tabia moja mbaya. Kanuni inakataza mtu kusimama chini ya mzigo. Yeye alisimama. Alipenda kuupokea kwa mkono ukiwa bado usawa wa kifua, aulenge mahali pake kama mtu anayempokea mtoto. "Anayenyanyua namjua," aliwaambia waliomkemea.

Fungu kubwa lilipanda karibu na adhuhuri. Nondo nene, ndefu, zikilia zikisuguana. Mawingu alizipitisha juu ya ukuta, akazileta juu ya sakafu mpya, na kule chini akaiona kofia ya shemeji ikisogea na kusimama pale pale pa siku zote.

"Shusha," redio ilisema. "Shusha, shusha taratibu."

Ndipo pembe za dunia zikaanza kuungua. Giza liliingia kutoka kandokando, likibana, mpaka kofia ile ikabaki peke yake mwishoni mwa bomba jembamba. Mguu wa kulia ukakaza kama kamba iliyovutwa. Akatazama mikono yake. Aliona mikono miwili na vijiti viwili, na hakujua kipi hushusha.

Hakukumbuka. Kitu alichokifanya maisha yake yote kilikuwa kimefutika, kama jina la mtu uliyesoma naye.

"Shusha, Mawingu. Umelala? Shem?"

Aliachia vyote. Vijiti vile vikiachiwa hurudi katikati vyenyewe, na winchi husimama. Ikasimama. Lakini mzigo haukusimama, ulianza kupembea, polepole, huku na huku, na kila ulipokwenda ulipita juu ya ile kofia.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Upepo. Lilikuwa jepesi, na lingekubaliwa. Angepumzika kidogo, giza lingeondoka, angeshusha, jioni ingefika. Baba naye alikuwa na neno lake jepesi.

Akabonyeza redio. Ulimi ulikuwa mkavu mpaka ulikwaruza.

"Toka chini ya mzigo."

"Nini?"

"Toka hapo. Watoe watu wote. Si upepo. Jana pia haikuwa upepo. Mimi siko sawa, sioni vizuri."

Akaona tu kofia zikikimbia kila upande, na moja ikirudi nyuma taratibu, uso ukiwa umeinuliwa, mpaka ikafika ukutani. Kisha sauti ya shemeji ikaja, tulivu kuliko alivyowahi kuisikia. "Hakuna mtu chini. Usiguse kitu. Inamisha kichwa magotini. Pumua. Mzigo hauna haraka, hata mimi sina."

Aliinama. Alipumua. Alipoinua kichwa giza lilikuwa limerudi pembeni, likisubiri. Kijiti cha kulia, akakumbuka, na nusura alie kwa kukumbuka. Akauteremsha mzigo kwenye sakafu tupu kwa mwendo wa konokono. Zilipogusa chini, nondo zilitoa sauti ndefu.

Kuteremka ndiko kulikobaki. Alikuwa amekipita kijukwaa cha kwanza mguu ulipomkatalia kabisa, msuli wa nyuma umejikunja kama ngumi. Akang'ang'ania vyuma kwa mikono yote miwili, macho kafumba, akisikia utupu chini yake ukimvuta suruali. Alifikiri juu ya mama yake. Alifikiri watamwambia vipi.

Mkono ukamshika kifundo cha mguu.

"Ni mimi," shemeji alisema kutoka chini, akihema. "Legeza. Nauweka mguu kwenye chuma. Hapo. Sasa huu mwingine."

"Toka chini yangu. Nikianguka nakwenda na wewe."

"Leo nimeshakimbia mzigo mmoja, wa pili sikimbii. Shusha mguu. Na usinipumulie, shem, mdomo unanuka kama betri."

Wakateremka hivyo, mguu kwa mguu, mmoja akimwekea mwenzake hatua. Chini, msimamizi, mtu ambaye hasira yake ilijulikana mpaka nje ya geti, alimtazama Mawingu usoni na kumeza alichotaka kusema. "Mpelekeni hospitali," alisema. "Na huko juu hupandi mpaka daktari aniandikie."

Mkewe aliwakuta hospitalini, kwenye benchi la kusubiri. Alikuwa amekuja na kanga ya nyumbani, viatu vya jozi tofauti, na alimtazama mumewe mpaka wakaitwa ndani. Daktari alikuwa yule yule mwenye miwani. Alimpima presha amelala, akampima amesimama, akakunja uso. Akamtoboa kidole, akatazama sukari, akaonekana kuridhika. Kisha akaanza kuuliza.

"Nilikwambia urudi. Hukurudi. Unakula nini?"

Alisema.

"Mboga?"

"Za nini?"

"Maji unakunywa kiasi gani?"

Mawingu alitazama ukuta. "Jioni nakunywa."

"Na mchana?"

"Mchana niko juu."

"Ngamia huyu, daktari," shemeji akadakia kutoka mlangoni, ambako hakutakiwa kuwa. "Anasema mwenyewe."

"Na chumvi?"

Hapo mkewe ndiye aliyeinua kichwa. Nyumbani kwao hakukuwa na chumvi. Mama mkwe alipoambiwa ana presha, yeye aliona ni taabu kupika sufuria mbili, akaamua nyumba nzima ile chukuchuku kwa kumuunga mkono mama huyo. Chumvi ilihamishwa kama mpangaji mkorofi. Mumewe aliipata kwa siri nje ya geti, kwenye supu na mkate wa mkahawa, na vyote hivyo alikuwa ameviacha.

"Ni mimi," mkewe alisema kwa sauti ndogo. "Nimemnyima chumvi."

"Si wewe, mama. Kuacha chumvi kusingemdhuru kama angekula kama zamani." Daktari akamgeukia mumewe. "Mtu akiacha wanga ghafla, mwili humwaga maji, na chumvi huondoka na maji. Watu wengi huchoka na kuumwa kichwa siku za mwanzo kwa sababu hiyo, na wengi hupita salama kwa maji, supu yenye chumvi kidogo na mboga za majani. Wewe hukunywa, hukutia chumvi, hukula mboga, halafu ukapanda mnarani juani. Presha yako ukisimama inaanguka. Tumbo nalo utashangaa vipi likikauka?"

Akamlaza, akabonyeza tumbo kwa vidole virefu vya baridi, akisikiliza. Mawingu alitazama dari. Ilikuwa na doa la maji lenye umbo la sikio.

"Daktari," alisema. "Baba yangu alianza hivi. Alisema tumbo limefunga tu."

Mkewe akageuka. Miaka yote ya ndoa alijua baba mkwe alikufa kwa tumbo. Hakujua kwamba mtu aliyelala naye alikuwa akilipapasa lake kila siku akitafuta uvimbe.

Daktari aliondoa mikono. "Alikuwa na umri gani?"

Mawingu akasema. Haukuwa mbali na wake.

"Basi sikuachi kwa kukwambia ni maji tu," daktari alisema. "Nadhani ni maji. Sisikii kitu kibaya hapa. Lakini kwa historia hiyo ulistahili kuchunguzwa ndani ya utumbo hata bila ya haya yote, na nitakuandikia. Utakuja?"

Alitaka kuuliza je, kama kipo. Badala yake akasema, "Nitakuja."

Jioni mkewe alipika sufuria mbili. Alimwekea bakuli la supu lenye chumvi na rundo la mboga, akakaa mbele yake kama mlinzi wa benki mpaka alipolimaliza. Mama alinusa kutoka kitini kwake.

"Naona wengine wanakula chumvi nyumba hii."

"Dawa, mama."

"Na mimi niandikiwe dawa hiyo." Kisha, bila kumtazama mwanawe, akasema, "Mwanangu, baba yako hakuniambia. Nilifua nguo zake zenye damu ndipo nikajua. Wewe ukinifanyia hivyo sikusamehi."

Mawingu alisogeza kiti karibu na chake.

Nguvu zilirudi kidogo kidogo, kwanza kichwa, kisha miguu. Wanga hakuurudia wote, ila daktari alimruhusu kidogo, kwa mpango na kwa kupimwa. Asubuhi moja tumbo nalo likazungumza, na alipotoka msalani alimkuta mkewe barazani anajifanya anafagia. "Haya, tutangaze?" mkewe alisema, na walicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Lakini tarehe ya kipimo kile kikubwa ilikuwa bado mbele, na kicheko kilipokwisha aliisikia ikimsubiri, kama mtu anayepumua upande wa pili wa mlango.

Winchi walimpa mgeni, mwendeshaji aliyeletwa kutoka kazi nyingine. Mawingu alibaki chini, akifunga minyororo pamoja na shemeji yake. Hakuwahi kufanya kazi chini. Hakujua kwamba mzigo ukipita juu, kivuli chake hukufikia kabla yake na kukupoza mgongo. Mara ya kwanza alikimbia kama mwizi, mpaka kwenye ukuta, na alipogeuka alimkuta shemeji yake amesimama ubavuni pake, pale pale ukutani.

"Siku hizi na wewe unakimbia?" alimuuliza.

"Huyo simjui," shemeji alisema. Alijikuna ndevu. "Na niliyemjua aliniambia upepo."

Halikuwa neno la utani. Mawingu alilipokea.

Juu, mkono mrefu ulizunguka ukibeba fungu jipya la nondo. Jua lilikuwa kali, kioo cha kibanda kikiwaka mpaka huwezi kumwona mtu aliyekuwa ndani. Alijaribu kumwona. Alijaribu kukisia kama huyo mtu alilala, kama kuna jambo linamla, kama mkono wake unajua kijiti. Fungu lilisimama hewani. Lilipembea kidogo. Kitambaa chekundu kilikuwa kimelala.

Akaichukua redio kutoka kwenye mkanda wa shemeji yake.

"Wa juu," alisema, na moyo ulimdunda kama vile yuko ngazini. "Ni mimi Mawingu. Umebeba maji leo?"

Redio ilikwaruza muda mrefu. Wote wawili, migongo ukutani, walisubiri jibu, macho juu.